Wahesabu siku, si rafu

Idadi ya vitabu na viti vya maktaba ni kipimo rahisi, ndiyo maana wakaguzi wanakipenda. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11620, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, kinauliza jambo gumu zaidi: msomaji akihitaji kitabu fulani leo, atakipata?

Sumbawanga swali hilo lina uzito wake. Mji una kampasi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na kituo cha Chuo Kikuu Huria, chuo ambacho wanafunzi wake wengi ni watu wa kazini. Mwalimu wa Laela au Namanyere anayesomea shahada haonekani kwenye daftari la mlangoni mwa maktaba.

Mpimaji angeanza na jaribio dogo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu Ufipa kabla ya ukoloni atafute kitabu cha Roy Willis cha mwaka 1981, A State in the Making, na zihesabiwe siku hadi akipate.

Makala za mtandaoni, kama zile za mpango wa Research4Life, zinasaidia kweli. Ila zikifunguka ndani ya kampasi tu, mwalimu wa Namanyere atapanda basi vilevile.