Pumba za mpunga: takataka au kuni?

Ukipita karibu na mashine za kukoboa mpunga kule Ifakara au Mbarali wakati wa msimu, utakutana na vilima vya pumba. Nyingine huchukuliwa na wachoma matofali, nyingine hutiwa moto hapo hapo zikafuka siku nzima, na watoto wa jirani wakabaki wanakohoa. Nyumba ya pili yake, mama anapuliza kuni mbichi huku mtoto yuko mgongoni. Kwa maoni yangu, haya ni makosa mawili ambayo dawa yake inaweza kuwa moja.

Katika kila tani ya mpunga, kilo 200 hivi ni pumba. Pumba zinawaka, lakini zikiwa huru hujaza gari zima bila uzito wa maana, na jikoni hutoa moshi mwingi. Ndiyo maana hutengenezwa peleti. Pumba hukaushwa, husagwa, kisha hushindiliwa kwa nguvu kupitia matundu yenye upana wa milimita 6 hadi 8. Joto la msuguano hulainisha gundi ya asili iliyomo ndani ya mmea, na wakati mwingine huongezwa mvuke au wanga kidogo ili zishikane. Zinachotoka ni vijiti vifupi, vizito, vikavu, vinavyofungashwa kwenye gunia kama mkaa.

Je, hili lina uhusiano gani na afya? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Moshi huo huleta nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mkaa nao usikudanganye kwa kuwa moshi wake hauonekani sana. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua ndani ya chumba kilichofungwa.

Hata hivyo, peleti peke yake si usafi. Ukizichoma kwenye mafiga matatu, utavuta moshi ule ule. Zinahitaji jiko lililotengenezwa kwa ajili yake, hasa lenye feni inayopuliza hewa ili moshi uungue kabla haujatoka. Aidha, karibu moja ya tano ya pumba hubaki kuwa majivu, hivyo jiko lisafishwe kila mara. Na anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga afunike pua na mdomo, kwani vumbi la pumba huumiza mapafu.

Wapo watakaosema gesi ndiyo safi. Ni kweli, na mwenye uwezo wa kujaza mtungi kila unapokwisha aendelee. Lakini wengi hununua mtungi mmoja, ukiisha wanarudi kwenye kuni.

Ushauri wangu ni kwamba tuanzie kwenye majiko makubwa ya shule za bweni zilizo jirani na mashine za mpunga. Pale jiko ni moja, mpishi anafundishika, na pumba ziko mlangoni. Wewe mwenye mashine, na wewe mjumbe wa kamati ya shule, kaeni pamoja kabla ya mavuno yajayo. Mapafu ya mpishi wenu hayasubiri.