Karamu Bila Fanta

Wenzangu, likizo kubwa ya Julai na Agosti ndiyo wakati wa karamu kwetu Kabezi. Mvua imekwisha, njia za mlimani zimekauka, ndugu walioko Bujumbura na Rumonge huja kuwatazama wazee, majibu ya mitihani hutoka, na watu huoana. Ni wakati wa kualikana. Lakini mtu akitazama vizuri ataona kwamba wanaoalikana wanapungua mwaka hata mwaka, na sababu yake si njaa peke yake. Sababu kubwa ni kreti ya fanta.

Najua wengine watacheka. Kwetu soda yo yote, iwe nyekundu, nyeusi au ya rangi ya majani, jina lake ni fanta. Na siku hizi imekuwa kama sheria kwamba mgeni asiposhikishwa chupa mkononi basi hakupokewa. Mwenye nyumba hathubutu kusema karibu mpaka kwanza ahesabu chupa. Akiona hazitoshi, hunyamaza, na furaha yake huifungia ndani pamoja na mlango.

Yuko mama mmoja mjane, jirani yetu. Mwaka jana mtoto wake wa kwanza alifaulu mtihani wa darasa la tisa, naye hakumwita mtu hata mmoja. Nilipokwenda kumpa pongezi aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ningewaita watu niwape nini? Sina hata kreti moja." Na wakati anasema hivyo, juu ya meza palikuwa na mapapai mawili yaliyoiva, na nyuma ya nyumba migomba ilikuwa imeinama kwa uzito wa mikungu. Nilimjibu, "Mama, mbona vitu viko?" Akatikisa kichwa. Alikuwa na chakula cha kuwatosha watu ishirini, lakini katika hesabu yake hakikuwa chakula cha wageni.

Hilo ndilo ninalotaka kulipinga. Naona ni vibaya sana kwamba kitu kinachouzwa dukani kimepewa amri ya kusema nani aweza kufurahi na majirani zake na nani hawezi. Na wanafunzi ndio wa kwanza kulizidisha jambo hili. Mmoja akiwakaribisha wenzake kwao akawapa ndizi, kesho yake habari imefika bwenini: "Tulikwenda kwa fulani, tukapewa ndizi!" Utadhani walipewa mawe.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake, wajapo wageni hata mwenye nyumba hupata nafuu. Leo kwetu mgeni akija mwenyeji hupata deni.

Tena fanta si kitu cha kale hata tuiogope hivyo. Hapa njiani, ukitoka Kabezi kwenda Bujumbura, kuna lile jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley, waliofika pwani hii kwa mtumbwi kutoka Ujiji mwezi wa Novemba 1871, wakalala kwa wenyeji. Wakati huo Coca-Cola ilikuwa bado haijazaliwa. Ilianza kuuzwa mjini Atlanta, Marekani, mwaka 1886. Na Fanta yenyewe, je? Ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1940, katika siku za vita, kwa sababu vitu vya kutengenezea Coca-Cola havikuweza kufika huko. Wale watu walikusanya vilivyobaki, yaani maji ya maziwa yaliyotolewa jibini na makapi ya matofaa yaliyokwisha kukamuliwa, wakafanya kinywaji. Basi mnaona: hicho kitu tunachokikopea fedha kilianzishwa na watu waliotumia makapi yao. Sisi tuna matunda mazima.

Liko pia jambo la sukari. Katika miaka hii ya karibuni, hasa 2023 na 2024, sukari imekuwa adimu nchini Burundi, na wengi wetu tumesimama foleni kwa ajili ya kilo moja. Kwa hiyo karamu inayotegemea sukari ya dukani ni karamu isiyo na uhakika. Vyakula nitakavyovitaja havihitaji sukari hata kijiko.

Cha kwanza ni kile ambacho Waganda hukiita kabalagala. Chukua ndizi ndogo tamu, zile zinazoitwa hapa kamaramasenge, zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi. Usichukue ngumu, utamu wote uko katika kuiva. Ziponde kwa mkono au kwa mwiko mpaka zilainike kabisa. Kisha mimina unga wa muhogo kidogo kidogo, ukikanda, bila kutia maji, mpaka donge liache kushika vidole. Tia chumvi kidogo, na apendaye pilipili aongeze. Sukuma donge liwe nene kama kidole chako kidogo, likate kwa mdomo wa glasi, ukaange katika mafuta mpaka lipate rangi ya udongo mwekundu. Ndizi sita na vikombe viwili vya unga, au pungufu kidogo, hutoa vipande vya kutosha watoto wengi. Vikilala usiku mmoja havina neno; wengine husema ndipo huwa vitamu zaidi, nami ni mmoja wao. Ila unga uwe wa muhogo ulioloweshwa na kuanikwa ipasavyo, kwa maana muhogo mchungu usioloweshwa una sumu, na hilo si la kufanyia mchezo.

Mafuta ya kukaangia ni mawese yetu ya Rumonge. Hapa nina neno na wapishi wengi. Hupenda kuyachoma mawese mpaka yawe meupe, ati harufu iondoke. Lakini ule wekundu ndio dawa yenyewe: ndani yake mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho, hasa ya watoto. Ukiyachoma mpaka yageuke rangi umetupa kilicho bora ukabakiza mafuta matupu. Yapashe moto kiasi cha kukaangia tu, inatosha.

Cha pili nimekifikiri kwa kutazama watu wa pwani. Unguja na Mombasa hupika ndizi mbivu kwa tui la nazi, wakatia iliki na sukari. Kwetu minazi si ya kutegemea, lakini karanga tunazo. Kaanga karanga bila mafuta, pepeta maganda, twanga kinuni mpaka zianze kutoa mafuta, kisha zikoroge katika maji ya moto ziwe kama maziwa mazito. Menya ndizi kubwa za kupika zilizoiva, zikate, zipange sufuriani, mimina tui hilo la karanga juu yake, tia chembe ya chumvi, uache zichemke polepole juu ya moto mdogo. Usikoroge, maana zitavurugika. Shika sufuria uitikise. Wala usiondoke kwenda kuongea na jirani, kwa sababu tui la karanga hushika chini upesi sana. Zikiisha kupoa huwa tamu kuliko zikiwa moto, na hiyo ni faida katika joto la kiangazi, kwa sababu waweza kupika asubuhi ukala jioni.

Kisha kuna chakula kisichotaka moto ila dakika chache. Ndagala kavu, kama mikono miwili, zitolewe vichwa, zikaangwe katika kikaango kikavu mpaka zivunjike ukizigusa. Parachichi mbili zilizoiva zikatwe, pamoja na nyanya na kitunguu, zikamuliwe ndimu. Ndagala zitiwe mwisho kabisa, wakati watu wamekwisha kukaa, zisije zikalainika. Kula kwa ugali wa muhogo au kwa viazi vitamu vya kuchemsha. Ndagala huliwa na mifupa yake, na katika mifupa hiyo mna chokaa inayojenga mifupa yetu. Sijaona soda inayofanya hivyo.

Lakini ndagala zataka akili ya mapema. Wavuvi huzivuta kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na sokoni bei hupanda. Tena siku hizi nchi zilizo kando ya ziwa zimeanza kulipumzisha: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika sehemu yake tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Basi anayetaka ndagala za karamu ya Julai na azinunue kabla, aziweke pakavu. Achague zilizoanikwa juu ya meza za wavu wa waya, si zile zilizotandazwa mchangani, maana mchanga katika meno ya mgeni ni aibu kuliko kukosa fanta.

Sasa kinywaji. Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu jambo hili ni la uhai. Pwani yetu inakijua kipindupindu. Tarehe 1 Januari 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa huo umezuka tena nchini. Kiangazi visima hupungua, na watu wengi huchota maji ziwani. Najua wengi hupenda chupa kwa sababu hii, wakisema, "Fanta angalau ni salama." Hawakosi. Ikiwa utawapa wageni maji ya matunda yaliyochanganywa na maji mabichi ya ziwa, heri uwanyime kabisa. Lakini jibu lake si kreti; jibu ni sufuria. Chemsha maji usiku wa kuamkia karamu, yatokote hasa, si kupata joto tu. Yafunike. Yakipoa yamimine katika mtungi wa udongo uliosafishwa kwa maji yaliyochemshwa, uuweke kivulini mahali penye upepo. Mtungi hutoa jasho, na jasho hilo likikauka huchukua joto la maji yaliyomo ndani. Tulijifunza hivyo katika somo la sayansi, lakini bibi zetu walikuwa wakilifanya kabla ya somo. Na kiangazi, hewa ikiwa kavu, ndipo mtungi hufanya kazi vizuri kuliko wakati wote.

Asubuhi nawa mikono kwa sabuni, pasua marakuja kumi na mbili, chuja mbegu, changanya na papai moja kubwa lililopondwa mpaka likawa uji, kisha ongeza maji ya mtungini kiasi cha lita tatu. Papai huleta utamu, marakuja huleta ukali wake. Ukiwa na nanasi, tia. Toa kwa kata safi yenye mpini, mtu ye yote asichovye kikombe chake mtungini, hata akiwa mjomba.

Nani apike? Wasichana watasema nimewaongezea kazi. Sivyo. Natazama wavulana wenzangu. Mvulana wa shule akishika mwiko huchekwa, lakini baba zake wakiwa kambini kando ya ziwa hujipikia ugali na samaki, na hakuna awachekaye. Kuponda ndizi, kutwanga karanga na kuchuja marakuja ni kazi ya mikono yenye nguvu, nasi mikono tunayo, tena likizo haina masomo. Kaka mmoja na dada zake wawili waweza kuwalisha majirani wote wa mlango hata mlango, na mama akapumzika siku moja.

Mwenzangu mmoja aliyesoma maneno haya kabla ya kupelekwa kwa mhariri aliniambia, "Wewe wataka kuharibu arusi za watu." Hapana. Mwenye fedha na anunue kreti kumi, nami nikialikwa nitakunywa yangu bila kukataa. Arusi ni mapatano ya jamaa mbili, na desturi zake haziwezi kugeuzwa na mwanafunzi wa miaka kumi na tisa. Nasema juu ya zile karamu ndogo: mtoto amefaulu, ndugu amerudi salama, mgonjwa ametoka hospitali, jirani amemaliza kuezeka nyumba. Hizo ndizo zinazokufa, na zikifa hatutajuana tena ila kwenye msiba.

Basi mimi na wenzangu wanne wa Kabezi tumekubaliana hivi. Jumamosi ya kwanza ya likizo tutakwenda kwa yule mama mjane, kama mwenyewe alivyokwisha kuturuhusu, tumfanyie mwanawe karamu aliyoikosa. Migomba na mapapai ni yake. Karanga, marakuja na ndagala tumegawana sisi. Unga umekwisha kupatikana. Mtungi tutaazima kwa bibi yangu. Kilichobaki ni kinu cha pili, kwa sababu kimoja hakitatosha. Aliye nacho karibu na barabara, na akilete Ijumaa jioni.