Tingatinga "tu"?

Nyumbani kwangu Mugumu, si mbali na bwawa la Manchira, nina trei ya mbao yenye twiga wawili waliopishanisha shingo. Rangi yake ya mafuta inang'aa hata ukiielekeza dirishani unaona sura yako. Nilimuuliza muuzaji imechorwa na nani. "Ni Tingatinga tu, mzee."

Tu? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli. Alifariki 1972, ila alikwisha kuwafundisha vijana, wengine ndugu zake, nao wakafundisha wengine.

Linganisha na Japani, nako kazi ya kung'arisha hurithishwa: vyombo hupakwa utomvu wa mti wa urushi tabaka juu ya tabaka, kisha hunyunyiziwa unga wa dhahabu. Ukoo wa Kōami ulifanya kazi hiyo karne kadhaa, na majina yao yapo.

Wauzaji wetu huku Serengeti waandike nyuma ya kila kazi jina la mchoraji na la mwalimu wake. Penseli inatosha. Yangu niliipindua juzi: kuna alama ya dole gumba, ya bluu, basi.