Picha Si Ushahidi: Fundisho la Sinema ya Mwaka 1925

Miongoni mwa malalamiko ambayo walimu wa sayansi hunieleza tunapokutana katika semina, moja hujirudia kila mara: kwamba sinema za dinosauri zinawapotosha wanafunzi. Mwanafunzi akishamwona mnyama huyo akikimbia na kunguruma, hasikii tena la mwalimu wala la kitabu. Wapo walimu walioniambia wazi kwamba, lau ingekuwa amri yao, sinema hizo zingepigwa marufuku shuleni.

Nayaheshimu maoni hayo, lakini sikubaliani nayo. Naamini kwamba sinema ya namna hiyo, hata ikiwa imejaa makosa, yaweza kuwa somo jema la sayansi, ilimradi mwanafunzi azoeshwe kuuliza swali moja: umejuaje? Na kwa kazi hiyo sijaona inayofaa zaidi kuliko sinema moja kongwe ya Marekani iitwayo The Lost World, yaani Ulimwengu Uliopotea, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi Februari 1925.

Sinema hiyo ilitokana na riwaya ya Sir Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1912. Kisa chenyewe ni hiki. Profesa Challenger anadai kwamba huko Amerika ya Kusini, juu ya uwanda uliozungukwa na majabali yasiyopandika, wangali hai wanyama ambao sayansi inasema walikwisha kutoweka. Wataalamu wenzake wa London wanamcheka na kumtaka alete ushahidi. Safari inafungwa, na wanyama wanaonekana. Katika riwaya, Challenger anarudi na mnyama mmoja mwenye mabawa na kumfungua mbele ya mkutano. Watengenezaji wa sinema waliliona hilo kuwa dogo. Wao walimleta London dinosauri mzima, Brontosaurus, ambaye anavunja majumba mpaka daraja la Tower Bridge linaporomoka kwa uzito wake. Msomaji ataona kwamba, chini ya vituko vyote hivyo, ugomvi wa Challenger na wenzake ni juu ya jambo moja tu, nalo ni ushahidi.

Wanyama wa chuma na mpira

Wanyama wale walikuwa vinyago vya kuwekwa mezani. Fundi mkuu alikuwa Willis O'Brien, na aliyeviunda ni Marcel Delgado, kijana mzaliwa wa Mexico aliyekuwa akisomea sanaa. Kila kinyago kilikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo vinavyopindika, misuli ya sponji na ngozi ya mpira. Ndani ya baadhi yake mliwekwa kibofu cha kutiwa hewa, ili mnyama aonekane akipumua. O'Brien alisogeza mguu kidogo, akapiga picha moja. Akasogeza tena, akapiga nyingine. Picha hizo zikipitishwa upesi mbele ya taa, mtazamaji huona mwendo. Tukichukua mwendo wa picha 16 kwa sekunde, dakika moja tu ya sinema yahitaji picha 960.

Hapa mwalimu wa Fizikia ana somo tayari. Kitu kikianguka kutoka mita 10 huchukua sekunde 1.4 hivi kufika chini. Kikianguka kutoka sentimita 40 huchukua chini ya sekunde 0.3. Kwa hiyo kinyago kikiachwa kianguke chenyewe, mtazamaji atatambua mara moja kwamba ni kitu kidogo. Fundi hana budi kukiangusha polepole, picha baada ya picha, kana kwamba kina kimo cha mnyama mkubwa. Wanafunzi wakipewa hesabu hiyo, kisha wakaonyeshwa mnyama akiporomoka kutoka jabalini, wataweza kupima wenyewe kama fundi alipatia au alikosea.

Daktari na picha mbili

Mwezi Juni 1922, sinema ikiwa bado haijakamilika, Conan Doyle aliwaonyesha wanachama wa chama cha wanamazingaombwe wa Marekani vipande vya majaribio ya O'Brien. Hakuwaeleza picha zile zimepatikanaje. Kesho yake gazeti la New York Times liliiandika habari hiyo kwa mshangao, likasema kwamba kama picha zile ni za kughushi, basi zimeghushiwa kwa ustadi mkubwa. Ndipo mwandishi alipoeleza kwamba alikuwa akifanya mzaha. Watu ambao kazi yao ni kuyachezea macho ya wengine walikuwa wameachwa wakistaajabu.

Lakini mwaka huohuo wa 1922, Conan Doyle huyohuyo alitoa kitabu cha kutetea picha nyingine, zilizopigwa na wasichana wawili katika kijiji cha Cottingley, Uingereza, kuanzia mwaka 1917. Picha hizo zilionyesha viumbe vidogo vyenye mabawa, wa aina wanaosimuliwa katika hadithi za kale za Kizungu. Conan Doyle aliamini kwamba viumbe hao wako kweli. Mwaka 1983 wasichana wale, wakiwa sasa vikongwe, walikiri kwamba viumbe hao walikuwa michoro waliyoikata katika karatasi.

Tulitafakari jambo hili. Huyu alikuwa mtu aliyehitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kumtunga Sherlock Holmes, mpelelezi asiyekubali neno bila dalili. Alijua fika kwamba picha inaweza kutengenezwa, maana yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuwachezea watu kwa picha. Hata hivyo alinasa, kwa sababu picha ya pili ilimwonyesha kitu alichotamani kiwe kweli. Elimu peke yake, basi, si kinga. Na ikiwa yeye alinaswa kwa karatasi na mkasi, sembuse kijana wa leo mwenye simu mkononi, katika zama ambapo mashine huunda picha ya jambo lolote kwa kuandikiwa maneno machache?

Mfupa husema nini?

Turudi kwenye sinema. Wanyama wa O'Brien hawakubuniwa ovyo. Vinyago vilifuata michoro ya Charles R. Knight, msanii aliyefanya kazi pamoja na wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Kwa kipimo cha siku zile, kazi yao ilikuwa na msingi. Pamoja na hayo, makosa yapo. Sinema inawaweka mahali pamoja Allosaurus na Tyrannosaurus. Wa kwanza aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wa pili aliishi mwishoni mwa zama za dinosauri, zilizokoma miaka milioni 66 iliyopita. Ina maana kwamba Tyrannosaurus yuko karibu nasi kwa wakati kuliko alivyo karibu na Allosaurus. Tena, wanyama wale wakubwa wanaonekana wakiburuta mikia. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba mkia uliinuliwa juu ya ardhi, kwani nyayo zilizohifadhiwa katika miamba ni nadra kuonyesha alama ya mkia ulioburutwa.

Lipo kosa jingine ambalo mwalimu asilifumbie macho. Katika msafara yumo mtumishi Mweusi aitwaye Zambo, naye ameigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi. Kwa ajili ya dinosauri, watengenezaji waliitafuta michoro ya wataalamu na kuhesabu viungo. Kwa ajili ya mtu Mweusi, hawakuona haja ya kuuliza chochote. Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza habari za mkia hatashindwa kuuliza na habari za Zambo.

Mifupa ya Lindi

Nieleze sasa kwa nini jambo hili lanigusa. Nilipokuwa masomoni Ujerumani, niliingia siku moja katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Berlin. Katikati ya ukumbi ulisimama mfupa juu ya mfupa, mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Nikasoma kibao: Tendaguru. Nilikuwa nimesoma shule za Tanzania kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita, nikafundishwa majina ya dinosauri wa Marekani, lakini jina la kilima hicho cha mkoa wa Lindi sikupata kulisikia darasani hata mara moja. Niliona haya. Niliyafahamu majina ya wanyama wa Challenger kabla ya kuwafahamu wa nyumbani.

Wanyama wa Tendaguru ni wa umri uleule wa Brontosaurus na Allosaurus wanaoonekana katika sinema. Kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa Wajerumani ulichimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa. Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, nao waliibeba mizigo hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Na watu wa New York walipokuwa wakiitazama The Lost World mwaka 1925, msafara mwingine, wa Waingereza, ulikuwa ukichimba papo hapo Tendaguru.

Mnyama yule wa Berlin ana fundisho lake. Aliposimamishwa mwaka 1937, miguu yake ya mbele ilipindwa kwenye viwiko na mkia ukashushwa chini, mithili ya wanyama wa sinema. Mwaka 2007 alisimamishwa upya: miguu imenyooka, na mkia uko juu. Mifupa ni ileile. Kilichobadilika ni maelezo ya mifupa. Kumbe hata mnyama wa makumbusho ni sehemu mfupa na sehemu kisio, na sayansi haioni aibu kulibomoa kisio lake ushahidi ukidai hivyo.

Nawashauri basi walimu wenzangu hivi. Msiipige marufuku sinema. Mkiifukuza darasani, mwanafunzi ataitazama peke yake, pasipo mtu wa kumuuliza swali. Haki ya kunakili ya The Lost World imekwisha huko Marekani, na si vigumu kuipata. Onyesheni dakika kumi tu. Kisha wanafunzi wagawe ukurasa katika safu tatu: yaliyothibitishwa na mfupa, yaliyokisiwa na wataalamu, na yaliyobuniwa kwa ajili ya burudani. Wabishane juu ya rangi ya ngozi, mwendo, mkia na ukali wa mnyama, kila mmoja akitakiwa kusema amejuaje. Wiki ifuatayo wafanye vivyo hivyo kwa mchoro wa kitabu chao cha kiada, na ya tatu kwa picha iliyoletwa na mmoja wao katika simu.

Na katika zoezi la kwanza kabisa, andikeni ubaoni jina Tendaguru, mwaonyeshe wanafunzi lilipo kwenye ramani.