Hilo Gurudumu Linataka Kitambulisho Changu cha Nini?

Wasee, hiyo link ya "zungusha gurudumu ushinde" imeshafika kwa grupu yenu? Unabonyeza, inakula bando ikifunguka, halafu kabla hujacheza chochote unaulizwa jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, saa zingine hadi namba ya kitambulisho. Gurudumu linazunguka sekunde 3. "Jaribu tena kesho." Kesho ikifika, SMS za ofa zinaanza kumiminika.

Hiyo ndiyo kampuni nyingi hapa zinaita kampeni ya ubunifu. Mimi naona fomu iliyopakwa rangi.

Mnajua Burger King walifanya nini Marekani mwaka wa 2004? Walikuwa wanauza sandwichi ya kuku, na ujumbe ulikuwa kwamba utapata kuku vile unavyomtaka. Sasa wakaweka tovuti ina jamaa amevaa kama kuku, ako sebuleni, anakukodolea macho kama ni kamera ya laivu. Chini kuna kisanduku cha kuandika. Andika "ruka", anaruka. Mwambie apige pushapu, anapiga. Ukimwambia mambo ya aibu, anasogea karibu na kamera anakutikisia kidole! Haikuwa laivu. Crispin Porter + Bogusky, wale wa matangazo, na The Barbarian Group waliojenga tovuti, walikuwa na mamia ya klipu zilizorekodiwa mapema. Ukiandika neno, inachezwa klipu inayolingana nalo. Lakini watu walikaa hapo wakijaribu kumtega, kisha wakatumiana link wenyewe. Kuku anakutii, basi. Tangazo lote liko ndani ya huo mchezo.

Na sisemi kampuni isiniulize kitu. Mwaka wa 2010 kulikuwa na The Wilderness Downtown, ya Chris Milk na Google, kwa wimbo wa Arcade Fire. Iliuliza anwani ya nyumba uliyokulia, kisha video ikakupeleka mtaani kwenu kwa picha za Google Maps na Street View. Swali lilikuwa na kazi. Namba ya kitambulisho inasaidia gurudumu kuzunguka aje?

Najua mtu ataniambia zile zilitengenezewa kompyuta na intaneti ya nguvu. Kweli, ile ya Arcade Fire ilikuwa nzito. Lakini wazo halili bando. Nipe tovuti nyepesi, niandike jina la mtaa wangu, makanga aniitie abiria kwa sauti ya sekunde 5 na jina la soda yenu katikati. Hiyo nitatumia kila mtu, hata shosho.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Idhini inafaa kuwa ya hiari, na uitoe kwa tendo la wazi ukijua unakubali nini. Kisanduku kilichowekwa tiki kabla ufike si idhini. Na una haki ya kuiondoa baadaye.

Ma-content creator wenzangu, hapa tunahusika. Sisi ndio tunalipwa kusukuma hizi link, na followers wanabonyeza kwa sababu wanatuamini sisi, si kampuni. Fungua hiyo link kwa simu yako kwanza, kwa bando yako, ujaze fomu yote. Ukiona unasitasita kuweka namba yako, usiiposti.

Na kama kuna tovuti ya kampeni ya hapa Kenya iliyokufanya ucheke kweli, nitumie. Nitaicheki nikipata WiFi.