Reli Ikikatika Kwenye Kiungo, Kosa Si la Fundi Peke Yake



Reli ikikatika mahali ilipoungwa kwa moto, swali la kwanza la wakubwa huwa hili: "Nani aliyechomelea?" Swali hilo si baya, lakini halitoshi. Maoni yangu ni kwamba lazima tuulize pia chuma kile kilitiwa nini, na nani aliyekitoa stoo.

Kazi ya kuunga reli kwa unga wa thamiti ilianzishwa na Mjerumani Hans Goldschmidt, na mwaka 1899 ikatumika kwenye reli za tramu mjini Essen. Njia yake ni ile ile mpaka leo. Alumini na kutu ya chuma huwashwa ndani ya chungu. Alumini huinyang'anya kutu oksijeni yake, na chuma kilichoyeyuka, chenye joto la digrii zaidi ya 2,000, humiminika katika kalibu kati ya ncha mbili za reli.

Chuma hicho kitupu ni laini mno. Kwa hiyo kiwandani hutiwa kaboni na manganizi kwa kipimo. Kaboni hukipa ugumu, ila ikizidi hukatika kama kigae. Manganizi hukipa nguvu, tena huishika salfa isikipasue chuma kingali moto. Alumini nayo ikibaki nyingi, kiungo hukatika upesi. Ndiyo sababu kila mfuko una aina ya reli yake. Kutumia mfuko wa reli nyingine kwa kuwa ndio uliopo ni kuharibu kipimo chote.

Jambo la pili ni taka. Mavi ya chuma ni mepesi, huelea juu, lakini yanahitaji sekunde chache za kupanda. Chungu kikitoboka mapema, huingia kwenye kiungo. Kipande kidogo tu, kisichoonekana kwa macho, huwa ndicho mlango wa ufa. Magurudumu yakipita kila siku, ufa hukua, mwisho reli hukatika bila kuonya.

La tatu ni unyevu. Kwetu Suneka, kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori, mvua si haba, na fundi wa jua kali ajua kwamba rodi iliyolowa hutoa kiungo chenye matundu. Kwenye reli hatari ni kubwa zaidi: chuma cha moto kikikutana na maji huruka na kumchoma mtu.

Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya Schenectady ilipasuka karibu kukatika vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, maji yakiwa shwari. Ufa ulianzia palipochomelewa vibaya, na chuma chenyewe hakikuweza kuuzuia. Makosa yalikuwa mawili, si moja.

Basi chama chetu kidai haya: stoo kavu, mifuko inayolingana na reli, muda wa kutosha kati ya treni mbili wa kupasha moto ncha za reli na kuacha kiungo kipoe, na kila kiungo kipimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Namba ya mfuko iandikwe daftarini kando ya jina la fundi.

Na sisi tuna wajibu wetu. Ukiona mfuko umelowa, urudishe, hata kama nyapara anakuharakisha. Mmoja akikataa peke yake ataitwa mkaidi. Tukikataa sote, stoo itatengenezwa.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa Reli, mzaliwa wa Suneka