Ugumu wa njia usichanganywe na ugumu wa akili

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Leo nataka kuzungumzia njia, na uongo unaosemwa juu ya njia, nikianzia mahali ambapo pengine hukutarajia: mchezo wa kusaka makopo.

Sisi tuliorudi kutoka Tanzania mwaka 2008 na 2009 tunakumbuka jinsi ardhi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, ilivyo tambarare. Nilizaliwa huko na kusomea huko. Kaka yangu mkubwa, ambaye polio ilimwondolea nguvu za miguu angali mtoto, alikuwa na baiskeli ya matairi matatu, ile ya kunyonga kwa mikono, aliyoungiwa na fundi wa kuchomelea. Kwa baiskeli hiyo alikwenda sokoni, alikwenda kanisani, alibeba mahindi ya watu kwa malipo, nami mdogo wake nikadandia nyuma kwenda shule. Hakuna aliyemwita mzigo. Yeye ndiye aliyebeba mizigo ya wengine.

Siku ya kurudi nyumbani, baiskeli ilipakiwa juu ya lori pamoja na mabati na magodoro. Tulifikia kwenye kilima cha baba zetu, upande wa Makamba. Kutoka barabarani hadi nyumbani ni kichochoro cha udongo mwekundu, unashuka bondeni, unavuka kijito, kisha unapanda hadi pumzi inakata. Kaka alibebwa mgongoni. Baiskeli ikaegemezwa ukutani, na haikupita miezi mitatu kuku wakawa wanatagia kwenye kiti chake. Mtu aliyekuwa huru ukimbizini akawa mfungwa nyumbani kwao.

Waliotuandikisha walituuliza mengi: idadi ya watoto, vyeti vya shule, chanjo, shamba la babu lilikuwa wapi. Hakuna aliyeuliza: njia ya kufika kwenu ikoje? Swali hilo nilikuja kulikuta miaka mingi baadaye likiulizwa kwa makini kabisa, tena na watu wanaocheza.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi. Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha mkononi kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Baada ya hapo kosa lilipungua takribani mara kumi. Kesho yake, Mei 3, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaitangazia dunia namba za mahali ilipo. Ndani aliweka daftari na vitu vidogo vidogo. Anayeipata aandike jina lake, na akichukua kitu aache kingine. Leo kuna makopo zaidi ya milioni 3 yaliyofichwa duniani kwa mtindo huo, na kinachohitajika ni simu ya mkononi yenye GPS.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Kila kopo hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5. Alama ya kwanza ni ya ugumu wa kulipata: fumbo ni gumu kiasi gani, limefichwa kwa ujanja gani. Alama ya pili ni ya ugumu wa njia. Njia yenye alama 5 inahitaji vifaa maalumu, kama mtumbwi au kamba za kupandia miamba. Njia yenye alama 1 maana yake ni kwamba mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika. Alama hizi hazichanganywi. Kopo linaweza kuwa na fumbo la 5 na njia ya 1.

Je, katika maisha yetu ya kila siku tunatenganisha hivyo? Mtu akishindwa kupanda ngazi za ofisi tunamwona ameshindwa na kazi iliyo juu ya ngazi. Mtoto asiyeweza kuvuka kijito kwenda shule tunasema shule imemshinda. Tunachukua ugumu wa njia tunaubandika kwenye kichwa cha mtu.

Nami nakiri kosa hilo, kwani nimelifanya. Mwalimu mgeni alipotutembelea shuleni kwetu na kutuonyesha mchezo huu, nilifurahi mno. Nafundisha jiografia, nimechoka kuchora latitudo na longitudo ubaoni mbele ya watoto wanaosinzia. Tulificha kopo la maziwa ya unga nyuma ya shule, chini ya korongo la mikaratusi. Darasa zima lilipiga kelele za furaha. Msichana mmoja anayetembea kwa magongo, ambaye kwa hesabu hana mpinzani, akaniambia taratibu: "Mwalimu, mimi nitabaki nilinde mabegi." Nikamjibu: "Vema, mwanangu." Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeiona tena ile baiskeli ukutani.

Wiki iliyofuata nilimpa yeye kopo alifiche. Alitunga fumbo la hesabu: idadi ya madirisha, mara idadi ya ngazi, toa mwaka ulioandikwa kwenye nguzo ya bendera, na mengine ambayo hata mimi yalinitoa jasho. Darasa lilihangaika siku mbili. Kopo lilikuwa limefungwa kwa waya chini ya benchi la mwembeni, pale pale wanapokaa kila mapumziko. Akaandika: fumbo 4, njia 1. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwomba alinde mabegi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Kaka yangu sasa amepanga chumba chini barabarani, karibu na soko, anatengeneza simu, na baiskeli yake imerudi kazini. Nilimwalika aje alisake kopo la mwembeni. Alifika hadi getini akakwama. Kati ya barabara na uwanja wa shule kuna mtaro wa maji ya mvua, na juu yake tuliweka ubao mmoja mwembamba. Mimi nauvuka ubao huo kila siku bila kuuona. Hata yule msichana wa magongo huuvuka. Kwa matairi matatu haiwezekani. Kaka akacheka, akasema: "Mdogo wangu, hiyo alama 1 yenu ni ya uongo." Tukaifuta, tukaandika 3. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wanafunzi waliona aibu. Wakaleta mbao, wakaziunganisha, na baadaye wazazi wakachanga saruji. Mtaro ule ulikuwepo miaka yote. Hakuna mkutano wa wazazi uliowahi kuuzungumzia. Uliorekebishwa na mchezo wa kopo la maziwa.

Najua yatakayosemwa. La kwanza: huu ni mchezo wa wenye shibe, sisi tuna shida ya ardhi, mafuta ya gari na bei ya mchele. Ni kweli, shida tunazo. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014, unataja michezo, burudani na utamaduni katika kifungu cha 30, bega kwa bega na shule, kazi na afya. Waliouandika hawakuwa wajinga. Mtu hahesabiwi kuwa ni wa mahali fulani kwa kupewa chakula tu. Huhesabiwa pale anapocheza na wenzake. Na tusisahau, hujafa hujaumbika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaishi na ulemavu mkubwa. Wamo wazee wetu, na tukijaliwa umri tutakuwamo sisi.

La pili: mkirahisisha kila kitu, utamu wa mchezo utakwisha. Nani kasema kila kitu? Makopo ya korongoni yabaki korongoni. Vijana wenye miguu yao washuke. Ninachodai ni mambo mawili tu. Mosi, alama ya njia iseme kweli. Pili, katika kila eneo lenye makopo, yawepo ya kutosha yanayofikika, tena yenye mafumbo ya kuumiza kichwa. Watu wengi wakiandaa kitu kwa ajili ya asiyetembea hukifanya cha kitoto. Hilo nalo ni tusi.

Kusema kweli juu ya njia si kazi ngumu. Anayeficha kopo aandike gari au pikipiki inaishia wapi na hatua zilizobaki ni ngapi. Aandike njia ni lami, kokoto, mchanga au utelezi, na mvua ikinyesha inakuwaje. Atafute pa kupita penye upana wa walau sentimita 90. Aliweke kopo mahali ambapo aliyeketi anafikia kwa mkono: vipimo vinavyotumika Marekani kwa majengo ya umma ni kati ya sentimita 38 na 122 kutoka chini. Kama kuna mpando wa kujengwa, uwe mlalo: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele. Na kabla ya kuandika alama 1, apite mtu mwenye magurudumu. Kukisia hakutoshi. Mimi nilikisia.

Tahadhari moja kwa nchi zetu. Tumepitia vita, na kopo lisilojulikana linatisha, hasa karibu na mpaka, kambi au soko. Kanuni za mchezo zinataka ruhusa ya mwenye eneo na zinakataza kuchimba ili kufukia. Kwa hiyo tuanze na shule, makanisa, misikiti na majumba ya makumbusho kama lile la Gitega. Tena tangu mwaka 2004 kuna aina isiyo na kopo lolote, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Unafika mahali, unatazama ardhi, unajibu maswali. Nani ana somo zuri kuliko sisi wa mwambao wa Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, lenye mita 1,470 hivi, na milima ya Kongo ikionekana ng'ambo kama ukuta wa pili wa Bonde la Ufa? Somo hilo mtu anaweza kulipata akiwa ameketi kando ya lami. Ila alama zipitiwe upya kila mara, maana tuliona mwaka 2021 na 2024 jinsi ziwa lilivyopanda na kumeza njia zilizokuwa kavu.

Na lile jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871? Tunalisifia sana kwa wageni. Sisemi njia yake ina alama gani. Aende mtu mwenye baiskeli ya mikono, arudi atuambie, kisha tuiandike.

Wafanyabiashara wa Mugina na Kobero mnanielewa kuliko wote. Hakuna kati yenu anayepakia mzigo bila kupiga simu kwanza: njia ikoje, imenyesha, gari linafika? Hamuoni aibu kuuliza, kwa sababu njia mbaya inakula mtaji. Tena mpakani ndiko watu wenye ulemavu walikothibitisha uwezo wao. Huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa miaka mingi watu waliopooza miguu walijipatia riziki kwa kuvusha shehena juu ya baiskeli za matairi matatu, pale barabara ilipowaruhusu. Fumbo la biashara halikuwashinda. Walipopata njia ya alama 1, walishindana na kila mtu.

Kwa ndugu zangu tuliorudi, na kwa wanaoendelea kurudi, ombi langu ni moja. Mnapomwambia jamaa aliye ng'ambo kwamba nyumbani ni pazuri, mwambieni na njia ilivyo. Kama ana mzee wa mkongojo au mtoto wa kiti cha magurudumu, mpeni alama ya kweli kuanzia barabarani hadi mlangoni, ili ajue apange wapi na ajenge wapi. Kaka yangu alipoteza miaka sita juu ya kilima kabla hatujafikiria kumtafutia chumba chini barabarani. Miaka sita kwa sababu hakuna aliyeuliza swali ambalo mchezaji wa makopo huliuliza kabla hajavaa viatu.

Shuleni kwetu msimu huu tuna makopo saba. Matatu yako korongoni, manne yanafikika kwa magurudumu, na yote manne yamepitiwa na baiskeli ya kaka. La nne limetungiwa fumbo na yeye mwenyewe. Mpaka naandika makala haya, hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyelipata.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa jiografia, aliyezaliwa na kusomea ukimbizini nchini Tanzania na kurejea Burundi mwaka 2009.